Gunia Lilipanda, Mimi Nikashushwa

Mimi ni mtu wa kuchoka vyakula. Sisemi kushiba, nasema kuchoka. Mwaka huu peke yake nimeshapenda na kuacha njegere za nazi, mtori, na juisi ya parachichi ambayo kwa muda niliinywa asubuhi na jioni, mpaka mama anayeuza matunda pale sokoni Soweto, hapa Mbeya, akawa ananitengea makubwa pembeni. Halafu siku moja niliitazama ile glasi nikaona rangi ya kijani tu. Nikaisukuma. Mume wangu hunitania kwamba amepona kwa sababu yeye hapikwi. Watoto nao wamenizoea, nikisifia chakula mezani wanatazamana na kuanza kubashiri kitamaliza mwezi au hakimalizi.

Vingi nilivyoviacha hurudi vyenyewe. Unapita muda, nasikia harufu kwa jirani, hamu inaamka tena kama vile hatukuwahi kugombana. Wali peke yake ndio haujarudi. Ndicho chakula cha kwanza kukipenda kwa moyo wote na cha kwanza kukiacha, na sasa nina watoto wanaonizidi urefu bado sijaurudia. Nao uchaguzi wangu wa mji wa kuishi ni wa kuchekesha, maana Mbeya watu wanabishania mchele kama wanavyobishania mpira. Huyu anasema wa Kyela, yule anasema wa Mbarali, wanapandisha sauti kabisa, na mimi nakaa pale kama mgeni asiyejua lugha.

Wiki chache zilizopita alikuja Mama Mkubwa kutoka Rujewa, huko Mbarali. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Kila mwaka baada ya mavuno hunitumia gunia la mchele, watoto wanakula, majirani wanapata, mimi naishia kuupepeta na kuupika. Safari hii alikuja na gunia lake wakiwa gari moja. Lilipofunguliwa jikoni, ikatoka ile harufu ya mchele mpya, nusu majani mabichi na nusu maziwa, nikashindwa kukaa. Nikatoka uani nikaanua nguo. Nikazigusa, bado mbichi, nikazianika tena.

Nilijua kinachonisumbua. Kuna swali moja nililolibeba tangu nikiwa mdogo, nalo ni kama kweli mama yangu alinitoa kwa kubadilishana na gunia la mchele. Najua ni swali la kitoto. Lakini mama amekwisha kufa bila mimi kuthubutu kumuuliza, baba alimtangulia, na aliyebaki duniani anayejua jibu ni huyu bibi aliyekuwa jikoni kwangu na plasta jichoni, akiulizia chumvi iko wapi.

Nyumbani kwetu palikuwa Mlandege, pale Iringa mjini. Baba alikuwa Mhehe wa Kilolo na kwake chakula maana yake ugali, vingine vyote ni kulichezea tumbo. Wali tuliula Jumapili, tena si kila Jumapili. Siku ya wali niliijua kanisani, mahubiri hayajaisha, kwa jinsi mama alivyokuwa anatazama mlango. Nilikuwa wa katikati kati ya wasichana watatu. Tulilala kitanda kimoja na nafasi yangu ilikuwa ya ukutani, mahali penye baridi ambapo wenzangu walipakataa, na mimi niliamini kwamba ukuta ule ni wangu kabisa.

Sikuwa nimeanza shule mama aliponichukua kwenda Rujewa kumsalimia dada yake. Mama Mkubwa alikuwa mjane. Mumewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto, na nyumba yake ilikuwa safi kupita kiasi. Vikombe vilikuwa vimepangwa kwenye meza ndogo chini ya kitambaa cha kufuma na hakuna hata kimoja kilichovunjika sikio. Tulilala pale siku kadhaa, kisha asubuhi moja mama akafunga kitenge chake, akanishika kidevu.

"Umsaidie Mama Mkubwa kulinda mpunga wake. Mkivuna, nitakuja."

Maneno yalikuwa hayo tu. Mimi niliyapokea kwa namna yangu. Kwa akili yangu, mpunga ukivunwa mama anakuja, na akija tunaondoka wote. Kwa hiyo kila punje itakayoliwa na ndege inanichelewesha kurudi nyumbani.

Mwanzoni sikuona shida kuchelewa, kwa sababu kule wali ulikuwa chakula cha kila siku. Nilidhani Mama Mkubwa ni tajiri. Alipika wali kwa kuni nje ya nyumba, akafunika kwa mfuniko na makaa juu, na ukipakuliwa unakuja na maharage, au kambale wa mtoni, au maziwa mgando waliyotuletea wafugaji. Ukoko ulikuwa wangu peke yangu. Mlandege ukoko ule ungegombaniwa na watu watatu. Rujewa nilipewa sufuria nzima na kijiko, nikakaa nayo kati ya magoti nikikwangua. Nilikuwa nafurahi mpaka najisikia vibaya kwa ajili ya dada zangu.

Kisha mpunga ukaanza kuingia maziwa, ukaja msimu wa kuamia, yaani kufukuza ndege shambani. Asiyewajua kwelea kwelea anaweza kudhani natia chumvi. Ni ndege wadogo, hawafiki hata kiganja, lakini wanakuja kundi zima kama moshi unaogeuka geuka, wakitua kwenye jaruba wanafyonza punje changa na kukuachia makapi yamesimama. Tulifika shambani kabla jua halijatoka. Mama Mkubwa alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, na kombeo lake, anarusha vidonge vya udongo. Mimi nilikimbia juu ya matuta nikivuta kamba iliyofungwa makopo, napiga debe, napiga kelele. Ndege wakitoka kwetu wanatua kwa jirani, watoto wa jirani wanawafukuza wanarudi kwetu. Ilikuwa kazi ya kutokaa kabisa. Chakula cha mchana nilikula nimesimama, bakuli mkono huu na fimbo mkono ule, maana ukikaa tu, wameshuka.

Wenzangu walicheza katikati ya kazi. Mimi sikucheza. Wao walikuwa wanalinda mpunga, mimi nilikuwa nalinda nauli yangu ya kurudi nyumbani, ingawa sikumwambia mtu. Jioni sauti ilikuwa imekauka, nikiongea inatoka pumzi. Mama Mkubwa alinikanda miguu kwa maji ya moto na kusema hajawahi kuona mtoto anayewachukia ndege namna ile.

Tukavuna. Mpunga ukapigwa juu ya turubai, ukapepetwa, mwingine ukapelekwa mashineni, na nilipoona pumba zinatoka upande mmoja na mchele mweupe upande wa pili nilijua siku imekaribia. Mama akaja kweli. Alikuja na maandazi na salamu za dada zangu, akanitazama akasema nimekuwa mweusi na mrefu. Jioni hiyo Mama Mkubwa akapika wali wa mpunga mpya kwa kuku. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na naandika hivi nikiwa nimeshakula hoteli zenye vitambaa mezani. Nilikula, nikaongezewa, nikaongezewa tena. Niliaga kila kitu kwa tumbo. Baadaye nililala mkekani nikiwasikia wao wawili wakiongea Kisangu cha haraka, lugha ya kwao. Kwetu Mlandege tuliongea Kiswahili na Kihehe cha baba, kwa hiyo sikushika hata neno. Nilisikia tu mmoja anapandisha, mwingine anashusha, nikadhani wanapanga safari.

Asubuhi nilivaa mwenyewe gauni langu la kanisani. Hakuna aliyeniambia nivae na hakuna aliyeniambia nivue, jambo ambalo ningelishtukia kama ningekuwa mkubwa. Tukaenda stendi, gunia la mchele likiwa juu ya baiskeli ya jirani. Basi la Iringa likaja. Utingo akalibeba gunia akaliingiza, na mimi nikapanda nyuma yake, nikachagua siti ya dirishani, nikaweka mkono kwenye siti ya pembeni ili asikae mtu mwingine isipokuwa mama.

Mama alipanda akachuchumaa mbele yangu.

"Shuka, mwanangu."

Nikacheka, nikidhani ananitania.

"Shuka, basi linaondoka."

Nikashika kiti cha mbele. Akanibandua vidole taratibu, akanibeba kwa makwapa, akanipitisha mlangoni kama mzigo, na Mama Mkubwa akanipokea kwa chini. Mlango ukafungwa. Nilimwona mama kupitia kioo, kisogo tu na mtandio, hakugeuka. Basi likaondoka na vumbi lake. Gunia lilipanda, mimi nikashushwa.

Watoto hawakosi maelezo. Mimi nilijipa langu palepale stendi, kwamba kulikuwa na nafasi ya mmoja, ikabidi achague. Nililiona gunia likifika Mlandege, likishushwa, likilazwa kitandani upande wa ukutani na dada zangu wakilifunika blanketi. Nililichukia gunia lile kama mtu anavyomchukia mtu. Nilikuwa nimelilinda tangu likiwa maziwa, nimelipigia kelele mpaka koo likaota vidonda, na ndilo lililokwenda nyumbani.

Mchana Mama Mkubwa akapakua wali. Nikaweka tonge mdomoni, likagoma kushuka. Halikuwa deko. Nilijitahidi, likakaa shavuni mpaka nikaenda kulitema nyuma ya choo. Kesho yake vilevile. Aliupika kwa maziwa, akautia sukari, akaukaangia vitunguu, akanifinyangia matonge madogo kama ya mtoto mchanga. Ukoko niliokuwa naupenda nikaupa mbwa. Akanipeleka zahanati, nikapewa dawa ya minyoo, na minyoo ilitoka kweli, lakini hamu haikuingia. Jirani mmoja akashauri nipelekwe kwa mganga. Mama Mkubwa akamjibu kwamba huyu mtoto hajarogwa, huyu mtoto amenuna.

Siku moja akarudi kutoka gulioni na kifuko cha unga wa mahindi na kasufuria kadogo kalikopinda mdomo. Akawasha moto mwingine pembeni, akasonga ugali wa mtu mmoja. Nikaula wote. Tangu siku ile pakawa na sufuria mbili katika nyumba ile, ya wali na kale kadogo kangu. Hebu fikiria, katikati ya Usangu, mashamba ya mpunga mpaka macho yanapoishia, na mwanamke mwenye majaruba yake mwenyewe ananunua unga dukani. Watu walimsema. Walimuuliza kama mavuno yamemwangusha. Yeye aliendelea kusonga ugali ule kila siku ya Mungu, mpaka nikamaliza darasa la saba nikaenda sekondari. Wakati ule sikuona kitu cha ajabu. Niliona ugali.

Likizo nilikuwa nakwenda Mlandege. Dada zangu walinipisha kitandani kwa adabu, wakanipa upande wa nje, na mama, kwa kuwa mimi ni mgeni, alinipikia wali. Kila likizo. Alikuwa anapakua sahani yangu kwanza, anaupanga vizuri, anakaa mbele yangu kutazama. Nami nilikuwa nachota mara mbili tatu, halafu nakumbuka kitu nje. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sili wali wake. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alinishusha. Tuliishi hivyo, yeye anapika, mimi nainuka, mpaka alipougua na kufariki. Hilo linaniuma hata sasa, na likiniuma huwa siwezi kukaa sehemu moja.

Sasa alikuwa jikoni kwangu dada yake. Mbeya ilikuwa na ile baridi yake ya kuingia kwenye mifupa, kwa hiyo alisogeza kigoda karibu na jiko la mkaa. Mimi nilikuwa nimebandika wali wa watoto. Akaniambia nimpe sufuria ndogo. Nikampa bila kufikiri. Akaomba unga. Akasonga kwa kupapasa, jicho moja limefunikwa na lingine halioni vizuri, anasikiliza uji unavyochemka ili ajue wakati wa kuongeza. Hakuna aliyemwambia kwamba bado sili wali. Nilisimama na taulo la jikoni mkononi, maneno yakanitoka.

"Mama Mkubwa, ile siku mliyolumbana na mama yangu kwa Kisangu. Mlikuwa mnasema nini?"

"Siku ipi hiyo? Sisi tulilumbana sana na mama yako."

"Kabla ya siku niliyopanda basi."

Mwiko ukasimama. Akaupunguza moto kwanza, akafunika.

"Alikuja kukuchukua," akasema.

Nikamwambia sikusikia. Nilikuwa nimesikia.

"Alikuja kukuchukua, mwanangu. Gauni lako si ulikuwa umelivaa? Yeye ndiye aliyelifua ile jioni alipofika. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia, mdogo wangu, wewe unao watatu, mimi huyu akiondoka nitabaki naongea na kuku. Akasema, baba wa mtoto nitamwambia nini. Nikamwambia chukua mpunga. Wote. Nikamwambia chukua na shamba."

"Akachukua."

"Akachukua gunia moja. Nilimwongezea la pili akakataa, akasema watu wataona kauza mtoto. Alilia mpaka asubuhi. Ndiyo maana hakugeuka kule kwenye basi, macho yalikuwa yamevimba hivi." Akaonyesha kwa ngumi.

Nikatoka nje. Nikaanua nguo, safari hii zilikuwa zimekauka, nikazikunja zote, hata soksi. Nilikuwa na hasira, sitaki kuipamba. Walikaa watu wazima wawili wakanipangia maisha juu ya mkeka niliolalia, kwa lugha ambayo wanajua siijui. Na ndani ya hasira hiyohiyo kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinanicheka. Utoto wangu wote niliishi nikijua kwetu sikutakiwa, kumbe nilikuwa nagombewa. Nilirudi ndani na rundo la nguo sijui nilipeleke wapi.

"Umekasirika," Mama Mkubwa akasema.

"Ndiyo."

"Kasirika, una haki. Lakini ugali unapoa."

Nikala ugali wake kwa mboga za maboga, nimesimama karibu na dirisha kama kawaida yangu. Kwa kuwa haoni vizuri, alikuwa anasikiliza sauti yangu inatoka wapi.

"Bado unakula umesimama?"

"Nimezoea, mama."

"Mbeya hii ndege gani watakula ugali wako?"

Nikacheka, na nilipocheka nikachota kijiko kimoja cha wali kwenye sufuria ya watoto. Nilidhani labda sasa, baada ya kujua, hamu itarudi. Haikurudi. Ulishuka vizuri, haukugoma shavuni, lakini ulikuwa wali tu, chakula cha watu wengine. Nikafunika.

Siku madaktari walipomruhusu nilimsindikiza stendi. Mume wangu alikuwa kazini, watoto shule, na mimi nilikuwa na kitenge cha nyumbani na ndala, kwa sababu nilikuwa naenda kusindikiza tu na kurudi. Mpwa wake angempokea Rujewa. Nilipanda naye garini, nikamkalisha dirishani, nikamwekea maji na dawa zake za matone mapajani, nikamweleza mara nyingine saa za kuzitia. Mkoba wake niliuweka kwenye siti ya pembeni. Kondakta akapiga bodi kwa kiganja.

"Wanaosindikiza washuke! Wanaosindikiza!"

Nikabaki nimesimama pale katikati ya siti. Maisha yangu yote miguu hii imenitoa kwenye kila meza niliyokaa, na siku niliyoihitaji initoe, ikakataa.

Mama Mkubwa akanigeukia.

"Hushuki?"

"Sishuki."

Akapapasa siti ya pembeni, akautoa mkoba, akauweka chini. Nikakaa. Gari likaondoka, tukapita Uyole, tukaanza kuteremka, baridi ikabaki nyuma yetu.

Karibu na Igurusi simu ikalia. Mume wangu amerudi mchana amekuta nyumba imefungwa.

"Uko wapi?"

"Nakwenda Rujewa."

"Rujewa? Na ndala? Kufanya nini?"

Nikasema sijui, nitakaa siku mbili tatu. Akacheka, kwa sauti ambayo Mama Mkubwa aliisikia.

"Sasa wewe huko utakula nini? Nchi nzima ile ni wali, na wali huli."

Nilikuwa bado natafuta jibu Mama Mkubwa alipoinama karibu na simu, ingawa maneno yake alinielekezea mimi.

"Mwambie," akasema, "kasufuria kako bado kapo."